Majani Yasiyokata

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya humu maabara imenipa mafua. Goti lako linaendeleaje?

Sikia habari. Ule mpunga wako unaokuchana mikono kila ukipalilia hadi unaogopa kushika sabuni, tumeujua ubaya wake. Mizizi hunyonya silikoni kutoka udongoni, nayo hugeuka punje ngumu kama kioo ndani ya majani. Ipo jeni moja inayoifungulia mlango kwenye mzizi. Kutokana na mbegu ulizonipa, nimepata mpunga ambao jeni hiyo haifanyi kazi. Jani lake ni laini, unaweza kumfutia mtoto uso. Nakutumia kilo moja. Panda, mama, mikono ipumzike.

Mwanao


18 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio.

Mpunga umeitika! Nimepalilia mikono wazi, sikutoka hata tone la damu. Shoga yangu fundi cherehani aliponiona hakuamini, akanishika viganja akivigeuza kama anakagua kitambaa. Nimewagawia mbegu yeye na majirani wengine watatu. Ule wa zamani, wa bibi yako, tumeukoboa wote tukaula, maana nani tena atautaka? Au nimeharakisha? Nijibu kabla hatujasia.

Mama yako


2 Novemba

Mwanangu,

Hujambo? Barua yangu ilifika? Mvua imeanza na wenzangu wananiuliza. Nimewaambia mwanangu angekuwa na neno angelisema. Tunasia kesho.

Mama yako


9 Aprili

Mwanangu,

Miili yetu mizima, tunashukuru. Mpunga umekwisha. Funza walitoboa mabua kama wanakula ndizi mbivu, kisha upepo wa siku moja ukaulaza wote majini. Majaruba yote matano, langu na ya wenzangu. Mbegu ya kurudia hatuna. Fundi cherehani haitikii salamu yangu.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha kwa sababu aliyeuleta msala ni mwanangu. Niambie nimekosea wapi katika kupanda.

Mama yako


25 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nimelia sana. Hukukosea popote. Silikoni ile inayokata mikono ndiyo inayosimamisha bua, na ndiyo inayowashinda funza kutafuna. Nilijua. Barua zako zote mbili zilifika. Banda letu la kioo halina upepo wala funza, na mkuu wangu alikataza tusiupeleke mpunga ule shambani kwa mtu yeyote. Ulipouliza, nikanyamaza, nikitaka kuona. Nilijiambia huenda mpunga utavumilia. Nisamehe, mama.

Mbegu ya bibi ipo hapa kwenye chumba cha baridi. Nimeomba nikurudishie, wamesema sasa ni mali ya maabara.

Tafadhali, kabla hamjalima tena, hesabu mabua mia: mangapi yametobolewa, mangapi yamelala tu. Itawasaidia wengine.

Mwanao


12 Mei

Barua imefika.

Nilikwenda kuhesabu kwenye jaruba la fundi cherehani, maana langu nilishalichoma. Akatoka, akasimama kwenye tuta, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia mwanangu anataka kujua. Akasema, "Tangu lini anataka kujua?" Nikampa barua yako aisome mwenyewe. Aliisoma yote. Hakunitukana, na heri angenitukana. Aliikunja, akanirudishia, akaingia ndani akafunga mlango.

Nimeumia, na siwezi kukuficha. Ungeniomba shamba, ningekupa. Ningekutengea jaruba langu ukalifanyia upendavyo, na wenzangu wangebaki na chakula chao.

Katika mabua mia, themanini na saba yametobolewa. Kumi na tatu yamelala tu. Nimehesabu mara mbili ili usije ukaaibika mbele ya wakubwa wako. Kuhusu msamaha, hiyo si hesabu ya siku moja.

Mimi,
mkulima wako