Pikipiki Iliyojua Kwao

Baba, shikamoo.

Nimezing'oa nyaya zako zote. Nakwambia mapema usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Tangu tulipokuzika Kisesa, pikipiki yako ilikaa hapa Pasiansi imeegemea ukuta, imefunikwa turubai. Mama hakutaka iguswe. Halafu juzi akaniambia mwenyewe, "Itengeneze, mwanangu. Nataka kuisikia ikiingia."

Nilijua anataka kusikia nini. Kila ulipokata kona ya getini honi ililia yenyewe, pii, na Mama akatia unga kwenye maji. Nawe ukajisifu, "Pikipiki hii ina akili, inajua kwao."

Akili gani, Baba! Nilichomoa betri, nikianza na upande wa hasi kama ulivyonifundisha, nikamimina petroli kwenye dumu na kushusha tanki. Pale shingoni, usukani unapogeukia, waya wa honi ulikuwa umechubuka, unagusa chuma kila ukikunja. Huo ningeuacha. Lakini waya mkubwa wa betri, uliofungwa nao pamoja, ulikuwa umeungua ganda, chini kabisa ya tanki la petroli. Na mahali pa fyuzi ulikuwa umechomeka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Wewe! Uliyekuwa ukinipiga kibao cha mkono nikisahau fyuzi! Nilicheka, kisha nikalia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nilifikiria sana kuuacha ule wa honi. Ila atakayepanda nyuma ni Mama, na nimeshazika mmoja.

Basi nimeweka nyaya mpya, fyuzi ya kweli karibu na betri, kila kiungo nimekilehemu na kukivisha mpira. Pale shingoni nimeacha nafasi waya usisuguliwe. Taa sasa zinawaka vizuri, hata wewe hukuwahi kuziona hivyo.

Jana nikaijaribu barabarani, nikarudi, nikakunja getini. Kimya. Mama alikuwa jikoni, maji yanatokota, unga bado uko kwenye ungo. Nikarudi nyuma, nikakunja tena, safari hii nikabonyeza honi kwa kidole. Akatoka mlangoni anajifuta mikono kwa kanga.

"Siyo yenyewe," akasema.

Akasimama kidogo akiitazama, kisha akarudi ndani. Baadaye nikasikia mwiko ukigonga sufuria.

Inaniuma, Baba. Mlio ule ndio kitu chako cha mwisho kilichokuwa kikirudi nyumbani, na nimekiondoa kwa mikono uliyoifundisha wewe. Lakini Jumapili nampakia Mama tunakuja Kisesa kukupalilia kaburi, na tutafika salama, na taa zitatuleta nyumbani giza likitukuta.

Pumzika, Baba. Getini nitabonyeza kila nikiingia, hata siku ambayo jikoni hakutakuwa na mtu wa kusikia.

Mwanao.