Plasta Juu ya Matofali ya Jumba

Jumanne jioni

Plasta! Wamepiga plasta jumba zima, mbele na nyuma, na mwenyekiti wetu wa kijiji ananipokea akitabasamu kama bwana harusi.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeona tulivyolipendezesha? Ijumaa tuna wageni wa wilaya kutoka Mbamba Bay. Yale matofali yaliyochorwachorwa yalikuwa yanatutia aibu."



Yaliyochorwachorwa! Wakati wa kulijenga, Mzungu mwenye jumba alitaka matofali kutoka kila kaya ya kijiji, na kila kaya iliweka alama yake kwa vidole kabla hayajachomwa, ili mvivu ajulikane. Bibi yangu alibonyeza vidole vitatu. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinishika mkono na kuingiza vidole vyangu kwenye vile vishimo vyake, chini ya dirisha la upande wa ziwani.

Leo nimepapasa ukuta pale pale. Laini kama sahani.

Nimegombana na mwenyekiti hadi sauti ikakauka. Lakini yeye angejuaje? Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika historia ya kijiji. Zile alama nilisema nitazinakili kiangazi, na viangazi vitatu vimepita. Daftari lina ukurasa mmoja tu, na sentensi yake ya kwanza, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, inasema jumba lilijengwa na Mzungu.