Alama Kumi na Tatu

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi nyumbani na chuma mguuni. Pete moja kwenye goko, nyingine kwenye unyayo, nondo nne zimesimama katikati. Na pini! Zimeingia ngozini upande huu zikatokea upande wa pili, kama spoki za baiskeli. Sijawahi kuona kitu kibaya namna hii, na ni changu.

Gegedu ya kifundo cha mguu imelika, mfupa unasaga mfupa. Daktari alinipa njia mbili. Kuunganisha mifupa kwa skrubu, maumivu yaishe, kifundo kisikunjike tena mpaka kaburini. Au kuivuta mifupa iachane milimita tano, ikae hivyo miezi mitatu, kiungo kipate nafasi ya kujiponya. Nimechagua kuvuta. Miaka hamsini na mbili, nina ugomvi mwingi bado wa kuandika gazetini na kwenda nao jukwaani, na siendi na mguu wa ubao.

Kazi yenyewe ya kijinga: kila nati ya nondo robo mzunguko, asubuhi na jioni, siku kumi. Ukimaliza unatia alama ya vema kwenye chati. Chati iko mlangoni pa friji. Visanduku ishirini vitupu vinanitazama.

Jumatano, 5 Machi

Wifi amejitwika kazi ya nati. Dada wa mume wangu, fundi wa vyerehani, kucha nyeusi kwa mafuta. Kaja na spana yake, kaichemsha kwenye sufuria yangu ya maziwa!

— Tulia, bibi makala. Serikali zote hizo hazijakunyamazisha, utatishwa na nati?

Robo. Robo. Robo. Robo. Maumivu nayavumilia. Kinyaa ndicho kinanimaliza.

Ijumaa, 7 Machi

Usaha. Pini ya tatu, upande wa ndani. Njano, na unanata kwenye shashi. Nesi alipopigiwa simu alisema ni kawaida, safisheni kwa maji ya chumvi, ukizidi mje. Kawaida! Harufu imeingia kwenye mapazia. Mume wangu anafungua madirisha bila kusema neno, na hilo neno asilolisema linanuka kuliko mguu.

Jioni, nati zimekwisha, wifi anafuta mikono:

— Wifi, mguu huu sasa unaukaribia ukali wa makala zako.

Mume wangu akacheka. Akacheka! Nikalipuka. Nilimwambia wifi achukue mafuta yake na mikono yake aende, nati nitazungusha mwenyewe.

— Wewe? Mtu akitunga uzi kwenye sindano unafumba macho.

Kaiacha spana mezani. Hakuaga.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nimezungusha. Zote nne. Nati ya mwisho ilipogeuka, ngozi ikafuata pini, ikajikunja, ikatoa tone. Nimetapika kwenye beseni la kuogea. Nimetia vema.

Jioni nimekaa na spana mkononi nusu saa. Nimetia vema. Kesho nitafidia.

Jumapili, 9 Machi

Vema mbili. Mguu nimeufunika na taulo mchana kutwa ili nisiuone.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nimemaliza makala juu ya mkaguzi wa madaraja anayetia sahihi madaraja asiyowahi kuyakanyaga. Nimemchana! Mhariri kapiga simu anacheka, anasema hapo hata mama yake mzazi hamtetei. Nimekata simu, nikajikokota kwa magongo hadi kwenye friji, nikatia vema ya asubuhi. Na ya jioni papo hapo, kuokoa safari.

Nilisimama na ile kalamu mkononi muda mrefu. Kinyaa kina ngazi. Usaha uko ngazi ya chini.

Jumatano, 12 Machi

Nimesoma. Nimepekua kila kitu. Huwezi kuzungusha za siku nne kwa mpigo, neva zinaweza kuumia. Wa kupanga upya ni daktari peke yake, na daktari atauliza kwa nini.

Vema mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Mume kasimama mbele ya chati.

— Nati zinakwenda?

— Zinakwenda.

— Umejikaza, mke wangu. Mimi nisingeweza.

Ningesema pale pale. Nilimwomba maji.

Ijumaa, 14 Machi

Chati imejaa. Ishirini. Sita za wifi, moja yangu, kumi na tatu za uongo. Mistari imenyooka, rangi moja ya wino. Chafu kabisa.

Jumatatu, 17 Machi

Benchi la korido, hospitali. Naandika haraka.

Wifi kaja kunibebea mkoba. Sikumwita, wala sijamwomba radhi. Kaja tu.

Daktari kaiweka picha kwenye taa. Chati inasema milimita tano, picha inasema hata mbili hazifiki. Kama nati zimezungushwa kweli, anasema, basi pini zimelegea ndani ya mfupa, na kwa usaha huu hathubutu kuziacha. Fremu hii ya chuma itoke kesho asubuhi. Mifupa iunganishwe. Kama nati zimezungushwa kweli! Alisema kama anayepita tu. Halafu akauliza nani alikuwa anashika spana.

— Mimi, daktari, wifi akasema. Siku tatu za mwanzo. Ile ni spana ya vyerehani. Labda niliharibu tangu hapo.

— Usijilaumu, mama, daktari akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshampata wa kulaumiwa.

Na mimi, nisiyeacha neno la mtu lipite bila jibu, nilikuwa nasoma bango la kunawa mikono. Nimelisoma mara tatu.

Daktari kaenda kupanga chumba cha upasuaji. Fomu ya ridhaa iko mapajani, chini ya daftari hili. Kalamu ninayo. Usaha umedondoka sakafuni na wifi kapiga magoti anaupangusa kwa leso yake mwenyewe, watu wasione.

— Nyanyua mguu kidogo, wifi. Hapo. Unaandika nini saa zote?

— Barua.

Viatu vya daktari vinarudi koridoni. Wifi hainuki.

— Nikimwomba, anasema, atanionesha nilipokosea?