Mwanza Si Mbali Tena

Mlowo, 9 Juni 2013

Mwanangu Imelda,

Hatujambo huku, na kahawa imeiva vizuri. Tangu uolewe bila ridhaa yake, kila nikimwomba baba yako twende kukuona hujibu, "Mwanza ni mbali, basi litanivunja mgongo."

Jana kaka yako Yonathani akamwambia, "Baba, kwa ndege, uwanja mpya wa Songwe hadi Dar ni saa moja na kitu, Dar hadi Mwanza vivyo hivyo."

Mzee akachezea kofia yake. Kisha akaniuliza, "Huyo mkwe wetu anakunywa kahawa?"

Nilicheka mpaka machozi. Ijumaa tunapanda ndege! Ukimwona amenuna pale uwanjani, ujue ni aibu tu. Mkumbatie wewe kwanza.

Mama yako akupendaye,
Tabita