Kliniki Mara Tano, na Mkono Wako Haukupimwa

Mwaka umetimia leo, Mama Vidole wetu, tangu chanuo lilipokudondoka mkononi ukiwa katikati ya kusuka. Kiharusi hakikukupa hata nafasi ya kukaa chini. Mteja wako alikuja kukuzika na kichwa kilichosukwa nusu, kafunga kitambaa, hataki mtu mwingine akimalize.

Tunakumbuka kibanda chako pale kijijini, kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na utani wako kwa wasiotulia: "Kaa vizuri, nitakuja kukusuka sikio." Aliyefiwa ulimfuata kwake, ukamsuka kimya kimya, ukaondoka kabla hajakushukuru.

Mimi dada yako nilipata presha ya mimba mwaka ule ule kama wewe. Nilijifungulia mjini. Kila wiki muuguzi alinipigia simu: njoo tukupime, dawa usiache. Nikawa naona kero. Wewe ulijifungulia kijijini, ukaambiwa mtoto ametoka na presha imetoka naye, nenda nyumbani.

Ulitembea hadi kliniki mara tano, mtoto mgongoni. Kadi yake imejaa uzito wa kila mwezi. Mkono wako hakuna aliyeugusa kuupima presha. Uliposema kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, ukajibiwa ni kukosa usingizi kwa sababu ya mtoto. Hata mimi, na vidonge vyangu mezani, nilikwambia kwenye simu, "Pumzika mdogo wangu, hayo ni ya uzazi tu." Nalijutia hilo kila siku, na sitalificha hapa.

Wanaotuambia ni kazi ya Mungu tunawasikia. Mungu siye aliyeiacha mashine ya presha ya kliniki kabatini mwaka mzima kwa kukosa betri.

Mwezi uliopita mama yetu alimpeleka mwanao kupimwa uzito. Muuguzi mpya akauliza, "Na mama yake, hali yake vipi?" Mama akachukua kadi, akatoka. Mara zote tano ulizokwenda mwenyewe, hakuna aliyekuuliza hivyo.

Unakumbukwa na mama yetu, mumeo fundi baiskeli, mimi dada yako, na mwanao, ambaye sasa anamwita bibi yake mama. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu, na hatujasamehe.