Ulivuka Daraja Hukunipitia

Kitinda mimba wangu,

Sisi huku kisiwani wazima, ila kuku wa jirani kahamia jikoni kwangu, na mwenyewe anadai mimi ndiye niliyemwita.

Unasema huji kwa sababu daraja limefungwa. Mbona binti wa shangazi yako, yule anayetoza magari ushuru pale darajani, kakuona ukivuka Jumanne? Eti ukamwambia, “Dada, usimwambie mama.” Huyo na siri wapi na wapi!

Siku hiyohiyo kaja bwana kupima nyumba, anasema katumwa na serikali. Mlango wa nyuma, ule unaokwama, akauinua kwanza ndipo akausukuma. Nani kamfundisha, kama si wewe?

Nyumba hii siuzi, baba. Vuka tena, uniambie usoni.

Mama yako, nimo ndani bado.