Benchi la Nyuma Nililipigilia Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi kwa mwandiko, shule niliiacha darasa la tatu au yenyewe iliniacha, mimi ni fundi seremala na pia mzee wa kanisa, mabenchi yote ya kanisani kwetu nimeyapigilia mimi, na mchungaji wetu akihubiri utii hata misumari yangu inanyooka. Sasa mchungaji alimtoa mjane mmoja kwenye kwaya kwa kuwa alichumbiwa bila kumwomba yeye ruhusa, mke wangu akasimama kwenye kikao akamwambia, "Mchungaji, hapo umekosea," basi akaitwa mbele ya baraza la wazee kwa kukosa utii, na adhabu yake kanisani kwetu ni kukaa benchi la nyuma miezi sita bila kusalimiwa na mtu. Sisi wazee tukaambiwa anayekubali anyooshe mkono. Mshauri, wa kwanza kunyoosha nilikuwa mimi, na mke wangu ananitazama.

Miaka arobaini na moja mama huyu ameniita Kipara, ameninunia, ameninyima chai, tumecheka. Tangu siku ile nikimwomba maji, "Sawa, mzee wa kanisa." Nikimwambia leo usipike, pumzika, "Kama mzee wa kanisa alivyoamuru." Utii wote niliokuwa nauombea kanisani nimeletewa nyumbani. Nilimwambia mchungaji nataka kukaa na mke wangu kule nyuma, akasema nikithubutu uzee wangu wa kanisa umekwisha. Nifanyeje?

Aliyekuwa Kipara

*

Mzee wangu, umenichekesha halafu ukaniliza. Pole. Lakini mchungaji usimtwishe mzigo wote, kiwiko chako hakukishika yeye. Ulitaka kuonekana mtii kuliko wenzako, mkeo akalipia. Mchungaji hulisha kondoo, mwenye kondoo ni mwingine, na kondoo anayesema hapa pana shimo hajaasi.

Usimnunulie zawadi, usitume watoto wakuombee msamaha. Ulikosea mbele ya baraza, simama mbele ya baraza hilo useme ule mkono ulikuwa wa woga. Cheo kikienda, kiende, randa yako inabaki.

Kisha Jumapili nenda nyuma. Wewe ndiye fundi, unajua benchi lile linabeba wangapi. Mkeo asiposogea, kaa ukingoni, nusu tako nje, na usiseme neno. Jumapili inayofuata rudi tena. Jina lako la zamani haliombwi, babu. Linangojewa.